Kuunda Gari la Ralikrosi kwa Mfuko Mdogo

Swali ni lile lile kila mara, linalobadilika ni gari tu. Mmoja ameachiwa Starlet na mjomba wake, mwingine ameona Corolla 100 inayouzwa kwa bei ya bodi tupu, wa tatu ana Impreza isiyo na turbo iliyolala uani tangu gia zianze kuruka. Wote wanataka kujua kama gari hilo linaweza kuingia uwanjani bila mtu kuuza shamba. Kabla sijajibu, swali la pili linafuata: niweke injini gani?

Jibu la kwanza ni ndiyo, linaweza. Jibu la pili ni kwamba usianze na injini. Fedha ikiwa kidogo, kazi kubwa ni kujua ianzie wapi: kwanza kinachokulinda wewe, pili kinachosimamisha gari, tatu kinacholibeba juu ya mashimo, nne kinachoipoza injini na kuikinga na vumbi. Nguvu za ziada ni za mwisho, na katika msimu wa kwanza huzihitaji. Mahali pengi hapa chini nitakuambia usinunue kitu.

## Ni mchezo gani hasa unaoutaka?

Ralikrosi ilizaliwa Lydden Hill, Kent, nchini Uingereza, Februari 1967. Iliandaliwa kwa ajili ya televisheni: magari ya rali yaliwekwa kwenye kiwanja kifupi chenye lami na udongo, yakaondoka pamoja na kugombania kona ya kwanza. Kwetu mchezo wenye mizizi ni ndugu yake, otokrosi, ambapo unazunguka njia fupi ya udongo ukishindana na saa. Wakazi wa Nairobi wanaufahamu kutoka uwanja wa Jamhuri.

Kwa mtu anayeunda gari, tofauti si kubwa. Kiwanja ni kifupi, udongo ni mbaya, kona zimefuatana, na gari linafanya kazi kwa nguvu zote kwa dakika chache. Gari lililoundwa vizuri kwa otokrosi litafaa ralikrosi likiongezewa vyuma vya kulinda milango, kwa sababu kule mtakwaruzana.

## Kabla ya kununua chochote

Watu wengi huunda gari kwanza kisha wakaenda kuuliza kanuni. Mkaguzi analikataa mbele ya kila mtu, na keji iliyokula sehemu kubwa ya fedha inakatwa kwa grainda. Fuata njia hii:

1. Tafuta kanuni za msimu huu, si za miaka mitatu iliyopita. Kenya ziko kwa shirikisho la KMSF, Uganda kwa FMU, Tanzania kwa AAT.
2. Jiunge na klabu. Utahitaji klabu ili upate leseni ya kushindana, na humo ndimo watu wanamouziana viti, rimu na matairi yaliyotumika.
3. Chagua daraja. Daraja la magari yanayosukumwa na magurudumu mawili tu, yasiyo na turbo, ndilo rahisi kuliendesha na rahisi kulilipia.
4. Jitolee siku ya mashindano kama msaidizi wa njiani au wa ukaguzi. Utaona kwa macho yako ni magari gani yanamaliza na ni yapi yanavutwa kwa kamba.
5. Mwonyeshe mkaguzi mchoro wa keji kabla chuma hakijakatwa. Wakaguzi wengi hupenda kuulizwa mapema kuliko kumkatalia mtu asubuhi ya mashindano.

## Gari gani?

Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hiyo magari ya miaka ya tisini unayoyaona barabarani ndiyo yaliyopo, mengine hayaji. Spea zake hata hivyo bado zimejaa Kirinyaga Road jijini Nairobi, kama zilivyojaa Gerezani, Dar es Salaam. Chagua gari ambalo spea zake utazipata Ijumaa jioni. Kigezo hicho peke yake kinaondoa nusu ya magari ya kuvutia unayoyaona yakiuzwa kwa bei ya kutupwa.

Ninayoyapendekeza kwa anayeanza:

- Toyota Starlet ya EP82: nyepesi, fupi, injini ndogo isiyochoka.
- Toyota Corolla za 100 na 110: nzito kidogo, lakini hakuna fundi asiyezijua.
- Nissan za familia ya B13 na B14: mara nyingi bei yake ni ya chini kuliko Toyota ya umri ule ule.
- Subaru Impreza isiyo na turbo: nzuri sana kwenye matope, lakini kila ekseli ya ziada ni gharama ya ziada. Usiichukue kama tayari unahesabu shilingi.

Unapolikagua gari, isahau injini kwa muda. Injini hubadilishwa kwa siku moja. Bodi iliyooza haibadilishwi. Inua zulia utazame sakafu. Fungua boneti uangalie mahali ambapo shokabsoba za mbele zimefungwa kwenye bodi: nyufa au kutu hapo ni sababu ya kuondoka. Gonga chini ya milango kwa bisibisi, ikitumbukia, ondoka. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyo kwenye logbuku, na usikubali hadithi ya kwamba logbuku iko kwa ndugu mjini Kisumu. Gari lisilo na karatasi linaweza kuchukuliwa na polisi likiwa juu ya lori siku ya mashindano.

Kuna njia nyingine ambayo watu huipita: gari la rali lililostaafu. Dereva akihamia gari jipya, la zamani hubaki gereji, mara nyingi bila injini, lakini lina keji, viti na bamba la chini. Bei yake itaonekana kubwa ukiilinganisha na Corolla ya kawaida. Piga hesabu ya keji peke yake, kisha ulinganishe tena.

"Lakini gari kuukuu litashindana na nani?" Mwaka 1965 dereva wa Kenya Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally wakiwa na Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imetumika katika timu ya kiwanda. Walilinunua gari hilo likiwa limechoka, wakalitengeneza upya kwa mikono yao, wakawapita waliokuja na magari mapya. Ushindi ule ulitokana na gari lililojulikana hadi boliti ya mwisho. Hilo unaweza kulifanya hata kwa Starlet.

## Keji: hapa usibane shilingi

Keji ni ile fremu ya mabomba ya chuma inayomzunguka dereva ndani ya gari. Ndiyo itakayokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, na ndiyo wasomaji wanayotaka kuipunguzia gharama kwanza. Nasema hili kwa uzito wote: usikubali bomba la maji. Bomba la mabati linalouzwa kwenye hadiwea lina mshono, halikutengenezwa kubeba gari lililopinduka, na moshi wake wakati wa kuchomelea ni sumu. Fundi atakuambia amewatengenezea watu wengi na hakuna aliyelalamika. Muulize ni wangapi kati yao wamepinduka.

Vipimo vya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, viko katika Kiambatisho J, kifungu cha 253, na ni vyema kuvijua hata kama klabu yako inaruhusu vingine:

- Chuma cha kaboni kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi.
- Upinde mkuu, ule ulio nyuma ya kiti: kipenyo cha milimita 45 na unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0.
- Mabomba mengine: 38 kwa 2.5, au 40 kwa 2.0.
- Kila mguu wa upinde uliofungwa kwa boliti ukae juu ya bamba la milimita 3 lenye eneo lisilopungua sentimita za mraba 120, lililochomelewa kwenye bodi, na ufungwe kwa boliti zisizopungua tatu za M8, daraja la 8.8.

Unaponunua bomba, omba karatasi ya kiwanda inayoonyesha aina ya chuma, uitunze. Mkaguzi akitoboa tundu dogo kupima unene, usikasirike. Anafanya kazi yake.

Makosa yanayoonekana mara kwa mara:

- Kiungo kuchomelewa upande mmoja. Bomba likishabanana na paa, fundi hafiki upande wa juu, kwa hiyo anauacha. Chukua kioo kidogo cha mkononi, kipitishe juu ya kila kiungo kando ya paa. Ukiona mwanya, kazi haijaisha. Mafundi wazuri hutoboa sakafu, huishusha keji, huchomelea juu, kisha huipandisha na kuweka mabamba yake.
- Bomba lililokunjwa kwa moto au kwa kujazwa mchanga, likawa na mikunjo ndani ya kona. Likunjwe baridi kwa mashine.
- Keji kusimama juu ya sakafu yenye kutu. Chuma kitabaki kizima huku miguu yake ikitoboa sakafu.
- Kutoboa bomba ili kufunga redio au kizima moto. Tumia klipu.
- Kukosa sponji ngumu mahali ambapo helmeti inaweza kugonga. Sponji ya godoro haifai. Ipo maalumu ya keji.

"Lakini otokrosi ni mwendo mdogo." Ni kweli, na magari hupinduka humo mara kwa mara. Gari likiteleza kwa ubavu na gurudumu likajikwaa kwenye ukingo wa udongo mgumu, kilomita 50 kwa saa zinatosha kulilaza juu ya paa.

## Kiti, mikanda na helmeti

Kiti cha mashindano kinatakiwa kuwa kipande kimoja, kisichokunjika mgongo. Angalia lebo ya FIA: viti vya kiwango cha 8855-1999 huhesabiwa miaka 5 tangu kutengenezwa. Baadhi ya klabu hukubali vilivyozidi umri huo, uliza. Jihadhari na viti vya bei rahisi vinavyofanana na vya kweli lakini havina lebo, au vina lebo inayobanduka kwa ukucha. Usikifunge kiti kwenye reli zake za asili za kusogea mbele na nyuma. Tengeneza mabano ya chuma ya milimita 3, yaliyofungwa kwenye mihimili imara ya sakafu.

Mikanda usiinunue mitumba kama hujui historia yake. Mkanda uliokwisha kuzuia mtu katika ajali umekwisha kazi, na jua letu hula nyuzi polepole. Mikanda ya mabega irudi nyuma ikishuka kidogo, kati ya nyuzi 10 na 45 kutoka usawa. Ikishuka zaidi ya hapo, kama inavyokuwa unapoifunga kwenye sakafu karibu na kiti, gari likigonga mkanda unakandamiza uti wa mgongo. Ule wa kiunoni upite juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni.

Helmeti ya bodaboda hapana. Imepimwa kwa ajali ya aina nyingine, na bitana yake haikutengenezwa kuhimili moto. Tafuta yenye lebo ya Snell SA au ya FIA, na kama bajeti inaruhusu, pamoja na kifaa cha kushikilia kichwa na shingo. Ovaroli ya rali iliyotumika lakini isiyochanika wala kumwagikiwa oili ni ununuzi mzuri. Chini yake vaa pamba. Nailoni huyeyuka na kushika ngozi.

Mtungi wa kuzimia moto ufungwe kwa mabano ya chuma yenye mikanda ya kufunguka haraka, mahali ambapo mkono wako unafika ukiwa umefungwa kitini. Ule mdogo wa matatu ulioshikiliwa kwa waya utageuka kombora gari likipinduka.

## Kuvua gari, na kuuza ulichokivua

Hii ndiyo kazi inayokurudishia fedha. Viti, redio, zulia, kompresa ya AC na bitana za milango vina wanunuzi. Viuze mapema, kabla havijajaa vumbi kwenye kona ya gereji. Starlet yenye mambo ya ndani mazima inaweza kukulipia helmeti.

Ondoa:

- viti vyote, zulia, bitana ya paa na lami ya kuzuia sauti iliyobandikwa sakafuni;
- AC pamoja na mabomba yake, baada ya fundi wa AC kutoa gesi;
- mifuko ya hewa ya ajali, ukiwa umeondoa betri na kusubiri kwanza;
- kufuli la usukani, lisije likajifunga mwenyewe njiani;
- gurudumu la akiba, jeki na kila kinachoweza kuruka.

Usiondoe hita. Kwenye asubuhi ya baridi na matope, kioo cha mbele kitajaa ukungu bila hiyo, na siku injini ikianza kupanda joto katikati ya mzunguko, hita ikifunguliwa yote inakuwa rejeta ya pili. Usiondoe nguzo wala vyuma vya ndani ya milango ili kupunguza uzito. Gari jepesi ni jambo zuri, lakini kilo za kwanza zinazostahili kutoka ni zile za vitu ambavyo havishikilii kitu.

## Breki

Hapa kuna tabia moja ya gereji zetu inayonisumbua: silinda ya gurudumu la nyuma ikivuja, fundi huikunja paipu yake na kuiziba, mteja anaondoka na breki tatu bila kujua. Magari ya zamani mengi yamepitia hilo. Vua magurudumu yote manne uhakikishe kila moja linashika.

1. Badilisha hosi za mpira zote nne.
2. Fungua na usafishe silinda za nyuma, au weka mpya.
3. Fuata kila paipu ya chuma chini ya gari. Iliyoliwa na kutu badilisha.
4. Toa maji ya breki yote ya zamani, weka DOT 4 kutoka kopo ambalo halijafunguliwa. Maji ya breki hunyonya unyevu, na ya zamani huchemka mapema.
5. Weka pedi nzuri za kawaida. Pedi za mashindano zinazohitaji joto kubwa hazitashika vizuri kwenye kiwanja kifupi cha udongo.

Breki ya mkono ifanye kazi kwa waya wake wa asili. Ile ya haidroliki ni ya baadaye.

## Kulibeba gari juu ya mashimo

Kosa kubwa hapa ni kulishusha gari, kwa sababu ndivyo yanavyoonekana magari ya mbio kwenye picha. Hayo ni ya lami. Udongo unataka gurudumu liweze kusafiri juu na chini. Usikate springi. Pia usidanganyike na spesa zinazouzwa kila mahali za kuinua gari: zinaongeza urefu bila kuongeza safari ya shokabsoba, na zikizidi zinazipinda jointi za CV hadi zinapasuka. Spesa fupi inavumilika. Ndefu itakugharimu ekseli.

Anza na vitu visivyoonekana: bushi, bolijointi, tairodi endi, beringi za magurudumu, mauntingi za injini. Gari kuukuu lililowekewa bushi mpya hubadilika kiasi cha kumshangaza mwenyewe. Kisha shokabsoba nne mpya za kampuni inayoaminika. Kisha, kama bodi imevuliwa tayari, mwambie fundi aongeze bamba la chuma mahali ambapo shokabsoba za mbele zinafungwa, maana hapo ndipo nyufa huanzia.

Chini ya injini weka bamba la kuikinga sampu, chuma cha milimita 3 au alumini ya 6. Lifungwe kwenye mihimili, si kwenye sampu yenyewe, liwe na tundu la kumwagia oili na nafasi ya hewa kupita. Bamba lililofunika kila kitu litakupikia injini.

Kuhusu matairi, waulize watu wa rali kabla hujawapelekea fedha watu wa duka: tairi la changarawe lililotumika kwa hatua chache za rali bado lina kazi nyingi kwa kiwanja kifupi. Ukilikosa, chukua jembamba lenye ukuta mrefu, rimu ya inchi 13 au 14, lenye meno ya matope. Usiteremshe upepo sana. Tairi likibanduka kwenye rimu katikati ya kona umemaliza siku. Anzia karibu na psi 30, uteremke kidogo kidogo. Rimu za chuma za kawaida zinatosha, na zikipinda hugongwa zikanyooka.

## Joto, vumbi na mwinuko

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100, kwa hiyo umekwisha kupoteza asilimia 17 hivi kabla hujawasha. Hakuna ekzosi ya kelele wala plagi ya bei ghali itakayoirudisha. Ukiwa katika daraja lisilo na turbo, wenzako wote wamepoteza sawa na wewe.

Mwinuko huo unaleta jambo lingine: maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Kinachokuokoa ni kifuniko cha rejeta kinachoshika shinikizo. Kifuniko kipya ni cha bei ndogo kuliko chakula cha mchana, na kilicholegea ndicho kinachounguza gasketi za silinda hedi.

- Usikubali themostati itolewe. Fundi atakuambia gari litapoa zaidi. Injini itaendeshwa baridi, itachakaa upesi, na tatizo halisi, kwa kawaida rejeta iliyoziba, litabaki pale pale.
- Tumia kulanti iliyochanganywa ipasavyo, si maji ya bomba yanayoleta kutu.
- Osha rejeta kwa nje baada ya kila mashindano. Udongo mweusi ukikauka kati ya mapezi yake, feni inapuliza ukuta.
- Bakiza kisanduku cha asili cha filta ya hewa, weka filta mpya ya karatasi, paka grisi nyembamba kwenye ukingo wake. Filta ya wazi yenye umbo la uyoga hunyonya hewa moto na vumbi.
- Oili iwe kwenye alama ya juu kila unapoondoka. Katika kona ndefu oili hukimbilia upande mmoja, na pampu iliyovuta hewa huua beringi kwa sekunde.

Taiming belti, kama injini yako inayo, badilisha hata kama muuzaji ameapa kwamba ni mpya.

## Umeme na petroli

Gari kuukuu lolote la mjini limewahi kufungwa alamu, kifaa cha kufuatilia na swichi ya siri ya kuzuia wezi, kila kimoja na fundi tofauti. Waya hizo zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi ndizo zinazozima gari katikati ya kiwanja. Zitoe zote, urudi kwenye waya za kiwanda.

Swichi kuu ya kukata umeme ni ya lazima, na wengi huikosea. Swichi ya miguu miwili ikikata betri tu, alteneta inaendelea kuilisha injini, na injini haizimi. Nunua ile ya miguu sita yenye rezista yake, ifungwe ifikiwe kutoka ndani na nje, na nje uweke alama ya pembetatu ya buluu yenye ukingo mweupe na radi nyekundu, kitako chake kisipungue sentimita 12. Ijaribu injini ikiwa inazunguka.

Petroli isipite ndani ya gari kwa hosi ya mpira. Tangi libaki mahali pake, paipu zake zilindwe kwa chuma chini ya sakafu, na usiingie uwanjani na tangi karibu tupu, maana petroli ikimwagikia upande mmoja pampu inavuta hewa.

## Fedha igawanywe vipi?

Bei za chuma na spea hazikai mahali pamoja, kwa hiyo nitasema kwa mafungu. Kati ya kila shilingi 100:

- 20 za kununua gari;
- 35 za keji, kiti, mikanda, helmeti, nguo na mtungi wa moto;
- 20 za breki, shokabsoba, bushi na matairi;
- 10 za kupoza, filta na umeme;
- 15 zisiguswe. Hizo ni za kiingilio, lori la kulibeba gari, na kile kitakachovunjika mara ya kwanza.

Ukigundua fungu la kwanza limefika 50, umenunua gari ghali mno. Kwenye spea shika kanuni moja: cha chuma kinaweza kuwa mtumba, cha mpira (ukiacha matairi) na cha breki kiwe kipya. Gia, ekseli, alteneta na milango kutoka gari lililovunjwa ni sawa. Belti, hosi, pedi na bushi kamwe.

Rangi mpya, mabawa ya nyuma na usukani wa ngozi havimo kwenye hesabu.

## Jaribio la kwanza

Usilijaribu barabarani usiku, wala kwenye baipasi ambayo haijafunguliwa. Omba shamba au uwanja wa klabu. Endesha dakika 10 kwa mwendo wa wastani, zima, ingia chini. Chora mstari wa rangi kati ya kila boliti kubwa na mahali ilipokaa. Mstari ukivunjika, boliti imelegea. Kaza nati za magurudumu kwa spana ya kipimo (Toyota nyingi ndogo hutaka takriban Nm 103), kisha uzikaze tena baada ya mzunguko wa kwanza. Rudia mara kadhaa, na mara ya mwisho endesha kwa nguvu zote.

Fanya pia zoezi la kutoka garini: umefungwa mikanda, helmeti kichwani, mtu anakuhesabia. Kama huwezi kutoka upesi, kuna kitu kimefungwa vibaya. Kibadilishe.

## Maswali ambayo bado mtauliza

Bima yangu itanilipa? Bima ya kawaida ya barabarani haihusiki na mashindano. Soma mkataba wako, kisha uliza klabu kuhusu bima ya siku ya tukio.

Naweza kuliendesha gari hilo kazini Jumatatu? Likiwa na keji, usifanye hivyo. Bila helmeti, bomba lililo kando ya kichwa chako ni hatari hata kwa ajali ndogo ya mjini.

Tukiwa wawili tunaweza kuchangia gari moja? Mara nyingi waandaaji hukubali madereva wawili kwa gari moja katika otokrosi, kwa sababu mnaondoka kwa zamu. Uliza mapema. Kwa mfuko mdogo, sijui mpango ulio bora zaidi: gharama nusu, na kuna mtu wa kulala chini ya gari wakati wewe unakunywa maji. Kubalianeni kwa maandishi nani analipa akilivunja.

Na injini, basi? Maliza msimu kwanza. Kisha pima kompresheni ya silinda zote na ulinganishe. Zikiwa sawa na zina nguvu, iache ilivyo, na fedha uliyokuwa umeiwekea injini nunulia difu inayobana magurudumu mawili yazunguke pamoja, maana kwenye udongo nguvu ulizo nazo sasa zinapotelea kwenye gurudumu moja linalozunguka bure. Silinda moja ikiwa chini sana ya nyingine, tafuta injini ya mtumba ya aina ile ile, ipimwe kompresheni mbele yako kabla hujalipa, na ukiifunga badilisha klachi, taiming belti na sili za oili wakati bado iko nje ya gari.